Je, Rochester anamfaa Jane Eyre? Namna ninavyompima mpenzi wa riwaya

Tafuta riwaya, penseli na daftari. Riwaya iwe nakala yako mwenyewe, kwa sababu utaiandika pambizoni mpaka ijae. Yangu ni Jane Eyre, kitabu cha Charlotte Brontë kilichotoka London mwezi Oktoba 1847 kwa jina la kubuni la Currer Bell. Imeandikwa na mikono miwili: penseli ni yangu, wino wa buluu ni wa mdogo wangu. Tumepokezana nakala hiyo tangu tukiwa wasichana, na ubishi wetu haujawahi kubadilika. Yeye anasema Edward Rochester hamfai Jane hata kidogo. Mimi nasema anamfaa, ila si yule Rochester wa mwanzo wa kitabu. Kwa sababu ya ubishi huo nimejitengenezea njia ya kupima, na naileta hapa kama ninavyoitumia.

Ukisoma mara ya kwanza, usipime chochote. Acha kitabu kikuchukue. Nilikuwa na miaka 16 nilipofika sura ya 23, usiku wa kiangazi chini ya mti mkubwa wa chestnut, Rochester anamwomba Jane awe mke wake, na nililia kwa furaha kana kwamba mimi ndiye niliyeposwa. Sijutii machozi yale. Msomaji ambaye hakuwahi kumpenda Rochester hawezi kumhukumu vizuri, maana hajui Jane alikuwa anaacha nini alipoondoka.

Kazi inaanza kwenye usomaji wa pili.

Ondoa sauti ya mke

Kabla ya lolote, jiulize anayesimulia ni nani. Hapa ni Jane mwenyewe, na anasimulia akiwa ameolewa miaka kumi na ana furaha. Kila sentensi kuhusu Rochester imepita mdomoni mwa mke anayempenda mumewe. Kwa hiyo kwenye daftari usiandike sifa, andika vitendo. Ukikuta “macho yake makali yenye huzuni”, ruka. Ukikuta “akafanya hivi, akasema vile”, andika.

Jaribu na siku wanayokutana, sura ya 12. Jioni ya Januari, njia ina barafu, Jane anapeleka barua posta. Farasi anateleza, mpanda farasi anaanguka na kuteguka kifundo cha mguu, mbwa mkubwa anayeitwa Pilot anabweka. Jane anamsaidia, mwanaume anaegemea bega lake hadi kwenye farasi. Tukio zuri, na wengi husimulia hivyo tu. Sasa andika walichosemezana. Anamuuliza Jane anakaa wapi. Anamuuliza nyumba ile ni ya nani. Jane anajibu kwamba ni ya Bwana Rochester. Anamuuliza kama anamfahamu huyo Rochester; Jane anasema hajawahi kumwona. Rochester anapanda farasi na kwenda zake bila kujitambulisha.

Tangu dakika ya kwanza yeye anajua Jane ni nani, na Jane hajui anaongea na nani. Liandike hilo juu kabisa ya ukurasa, kwa sababu litajirudia mpaka kanisani.

Fuata pesa

Pesa haijui kubembeleza. Popote inapopita kati ya wawili hawa, simama na usome polepole.

Jane ana miaka 18 anapofika Thornfield, jumba la Rochester, kuwa mwalimu wa nyumbani wa mtoto Adèle. Mshahara ni pauni 30 kwa mwaka, mara mbili ya alichokuwa akipata shuleni Lowood. Rochester anakaribia 40. Bi Fairfax, msimamizi wa nyumba, anamwambia Jane waziwazi kwamba tofauti yao ni miaka ishirini. Hawa ni tajiri na mwajiriwa wake, na ukiliruka hilo utapima hewa.

Tukio ninalolipenda kuliko yote liko sura ya 21. Mke wa mjomba wake Jane, yule aliyemtesa utotoni, yuko mahututi na anamwita. Jane anaomba ruhusa ya kwenda. Rochester anamuuliza ana kiasi gani. Anatoa kipochi chake, ndani mna shilingi tano. Rochester anatoa noti ya pauni 50. Anachodaiwa ni pauni 15 tu. Jane anamwambia hana chenji. Rochester anasema hataki chenji, achukue mshahara wake. Jane anakataa kupokea zaidi ya haki yake. Bwana anakunja uso, halafu anabadilika, anampa pauni 10 na kuuliza kama hazitoshi. Jane anajibu: zinatosha, lakini sasa nakudai tano. Rochester anamwambia basi arudi kuzifuata.

Soma mazungumzo hayo kwa sauti. Mwajiriwa anamhesabia tajiri wake deni usoni, na tajiri anafurahia. Hapatikani mtu mwingine katika kitabu kizima ambaye Jane anaongea naye hivyo. Pambizoni niliandika neno moja: wanalingana. Mdogo wangu aliandika chini yake kwa buluu: “Na zile tano kwa nini hakumlipa?” Swali la haki. Alizishika ili Jane arudi.

Ukitoka hapo nenda moja kwa moja sura ya 24, duka la hariri mjini Millcote. Sasa ni wachumba. Rochester anataka kumnunulia magauni sita. Jane anamshusha hadi mawili. Anachagua hariri ya zambarau inayong'aa na satini ya waridi. Jane anambembeleza mpaka wanaishia na satini nyeusi na hariri ya kijivu. Kila anavyonunuliwa, uso wa Jane unazidi kuwaka kwa aibu. Anaona tabasamu la mchumba wake kama la sultani kwa mjakazi aliyemvika dhahabu. Hapohapo anakata shauri: nikifika nyumbani nitamwandikia ami yangu kule Madeira, nipate walau kidogo kilicho changu.

Usomaji wa tatu ndio ulionionyesha barua hiyo inakwenda wapi. Inamfikia ami yake. Na kwa ami yake, wakati huohuo, yupo Richard Mason anayepumzika akielekea Jamaika. Mason ni shemeji yake Rochester, kaka wa mke ambaye Jane hajui kwamba yupo. Wakili Briggs anatumwa, na ndoa inasimamishwa mbele ya padri. Aliyemwokoa Jane ni Jane mwenyewe, siku aliyoona haya kuvalishwa na mtu. Nilipoligundua hilo nilifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu.

Orodhesha uongo wake, kisha uliza nani alinufaika

Huu ndio ukurasa mchafu wa daftari. Usiufupishe kwa sababu unampenda.

Anajifanya mwanamke mpiga ramli, anataka kuwatabiria wasichana waliomo nyumbani, na Jane akiwa miongoni mwao, ili achokonoe yaliyo moyoni mwake. Anajifanya atamwoa Blanche Ingram. Katika bustani ileile ya posa, kabla ya kusema anampenda, anamwambia Jane amemtafutia kazi Ayalandi na kwamba itabidi aondoke. Anamwacha alie. Baadaye anakiri alitaka amtie wivu. Na juu ya yote, ghorofa ya tatu kuna Bertha Mason, aliyemwoa Spanish Town, Jamaika, miaka 15 iliyopita, akiwa na mali ya pauni 30,000 aliyopewa na baba yake, na sasa amefungiwa humo miaka kumi.

Wasomaji wengi humtetea hapa kwa sheria, na ni vyema kuijua sheria hiyo. Ni kweli Uingereza ya wakati ule ilikuwa imemfunga. Kabla ya sheria ya ndoa ya 1857, talaka iliyomruhusu mtu kuoa tena ilihitaji sheria maalumu ya Bunge, na wazimu wa mke haukuwa sababu ya talaka hadi 1937. Rochester hakuwa na mlango wa kisheria. Lakini sheria haikumzuia kusema ukweli. Angeweza kumwambia Jane wiki moja kabla, mwezi mmoja kabla, akamwachia aamue. Hakumwambia kwa sababu alijua jibu. Hilo ndilo linalonikera, kwamba alimfahamu Jane vizuri kiasi cha kujua atakataa, na bado akapanga asipate nafasi ya kukataa.

Pima “hapana”

Kama una muda wa kufanya kipimo kimoja tu, fanya hiki. Tafuta ukurasa ambao mwanamke anasema hapana, uone mwanaume anafanya nini na neno hilo.

Ili upate kipimo cha kulinganishia, chukua Darcy wa Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen ya 1813. Mtu wa pauni 10,000 kwa mwaka anamposa Elizabeth kwa kiburi, anakataliwa kwa maneno makali. Anafanya nini? Kesho yake anampa barua inayoeleza ukweli wa mambo mawili aliyoshutumiwa, kisha anaondoka. Miezi inapita. Anapoposa tena, anamwambia kama moyo wake haujabadilika, neno moja tu litamnyamazisha milele. Daftari la Darcy kwenye kipimo hiki halina doa, ndiyo maana watu hawabishani sana juu yake, na ndiyo maana pia nina machache ya kusema.

Sasa fungua sura ya 27 ya Jane Eyre. Ndoa imevunjika siku hiyohiyo. Rochester anataka waende kusini mwa Ufaransa, waishi kama mume na mke katika jumba lake. Jane anasema hapana. Rochester anamwinamia sikioni na kumwambia kwamba asipokubali maneno ya busara, atatumia nguvu. Nimelipigia mstari mara tatu, kila usomaji mmoja. Kisha anasimulia vimada wake watatu, Céline, Giacinta na Clara, na anasema mwenyewe kwamba kumweka kimada kwa pesa ni jambo baya linalokaribia kununua mtumwa. Hajisikii anavyosema. Jane anamsikia. Anaelewa kwamba siku moja atatajwa katika orodha hiyohiyo, kwa sauti hiyohiyo.

Halafu Rochester anamuuliza: si huna ndugu wala jamaa wa kuogopa kumuudhi ukiishi nami? Ni swali la kikatili kwa yatima, na anajua ni yatima. Hata moyo wa Jane unamuuliza nani duniani anamjali, naye anaujibu: mimi najijali. Kadiri nilivyo mpweke na nisiye na rafiki, ndivyo nitakavyojiheshimu zaidi.

Ukiwa mwadilifu, andika pia kinachofuata. Anamshika, anamkazia macho, anakiri kwamba mwili huu angeweza kuuvunja kwa vidole viwili lakini anachokitaka ni roho iliyomo, na hiyo haivunjwi. Anamwachia. Tishio halikutimizwa. Lakini mtu anayefaa hakufikishi mahali pa kusubiri kuona kama atatimiza.

Usiku Jane anashuka jikoni, anatafuta kichupa cha mafuta na unyoya, anaupaka ufunguo na kitasa ili mlango usilie. Ana shilingi 20. Dereva wa gari la farasi anataka 30. Anakubali hizo 20 na kumshusha Whitcross, njiapanda isiyo na nyumba, kwa kuwa pesa yake imeishia hapo. Ndani ya gari anasahau kifurushi chake. Siku chache baadaye anakula uji baridi uliokuwa unakwenda kumwagiwa nguruwe. Ukiisoma njaa ile kwa makini, hutasema tena kwamba Jane aliondoka kwa ukaidi.

Mweke mshindani kwenye mizani hiyohiyo

Usimpime mwanaume peke yake. St John Rivers, mtoto wa shangazi yake Jane, ni kijana, ana sura nzuri, hadanganyi, hana mke aliyefichwa. Kwa karatasi anamshinda Rochester kila mstari. Anamtaka Jane waende India kueneza Injili. Lakini angalia Jane anavyokuwa mbele yake. Anaacha Kijerumani alichokuwa anakipenda na kujifunza Kihindustani kwa sababu St John ameagiza. Kicheko kinapotea. Anamwambia Jane kwamba ameumbwa kwa kazi, si kwa mapenzi. Jane anakubali kwenda kama dada yake, awe huru moyoni. St John anakataa: awe mke au basi. Na anapokataliwa hapigi kelele, anageuka barafu, mpaka Jane anaona kwamba mtu huyu mwema anaweza kumuua pole pole bila kumwaga tone la damu.

Hapa ndipo mimi na mdogo wangu tulikubaliana kwa mara ya kwanza. Tuliacha kuhesabu makosa, tukaanza kusikiliza sauti ya Jane. Mbele ya St John ananong'ona. Mbele ya Rochester anadai pauni tano.

Mwisho wa kitabu, uliza kilichobadilika ni nini

Riwaya nyingi hubadilisha hali tu na kukuacha udhani mtu amebadilika. Tenganisha hayo mawili.

Hali imebadilika sana. Jane amerithi pauni 20,000 za ami yake na kuzigawa mara nne, 5,000 kwake na kwa kila mtoto wa shangazi yake. Thornfield imeungua. Bertha amekufa kwa kujirusha kutoka paani. Rochester, aliyerudi ndani ya moto kujaribu kumtoa, amepoteza macho na mkono wa kushoto, na anaishi Ferndean msituni. Mdogo wangu husema hapa: amekuwa mpole kwa sababu hana nguvu. Kwa muda mrefu sikuwa na jibu.

Jibu nililipata kwenye jambo dogo la sura ya 37. Jane amerudi, amemwambia yeye sasa ni mwanamke anayejitegemea, na kwamba akikataa wakae nyumba moja, atajijengea yake karibu na mlango wake. Siku ya pili amekaa gotini kwake, anamsimulia habari za St John. Rochester anaungua kwa wivu. Na huyu ndiye aliyetishia nguvu sura kumi nyuma. Sasa anamwambia: moyo wako haupo hapa, niache, nenda ukaolewe na Rivers. Jane anamjibu amsukume mwenyewe, kwa hiari yake haondoki.

Mikono ya kumzuia bado anayo mmoja, na sauti ya kumbembeleza anayo. Hakuvitumia. Alimfungulia mlango huku akiamini atatoka. Kitendo hicho hakikuletwa na upofu, na ndicho nilichokiandika kwenye mstari wa hukumu: Rochester wa Thornfield hamfai Jane; Rochester wa Ferndean anamfaa, kwa sababu amejifunza kuisikia “hapana” kabla haijasemwa.

Naongeza angalizo moja la sheria, kwa kuwa kitabu kinalipita. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mali ya mwanamke kama zile pauni 5,000 iliingia mikononi mwa mume akishaolewa, isipokuwa pawe na mkataba wa kuilinda. Mabadiliko yalikuja 1870, na makubwa zaidi 1882. Jane alifika kwa Rochester akiwa na uwezo wa kujenga nyumba yake. Mbele ya padri aliweka uwezo huo mikononi mwa mumewe. Ndiyo maana nilitaka kuona kitendo cha mwanaume huyu kabla ya harusi. Baada ya harusi kisingepimika.

Na Bertha? Huyu hana safu katika daftari langu la zamani, na hilo ni kosa la njia yangu. Mnamo 1966 Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, aliandika Wide Sargasso Sea ili mwanamke wa ghorofani naye asikike. Isome kabla hujatoa hukumu yako ya mwisho, halafu rudi kwenye Jane Eyre uongeze safu ya Bertha: Rochester alimtendea nini mwanamke ambaye hakumpenda? Katika nakala yetu, pale Bertha anaposimama juu ya paa akipunga mikono huku nywele zake ndefu zikipeperuka mbele ya moto, mdogo wangu ameandika kwa buluu, “Huyu naye aliposwa.” Nimeanza kujaza safu hiyo mwezi huu, nimefika sura ya 26.